Kioo cha umeme kimegoma chini? Shikilia swichi, gonga mlango

Nimeonyeshwa hii na fundi, na kila mwenye gari aijue kabla mvua haijamkuta. Washa swichi ya gari, shikilia swichi ya kioo upande wa kupandisha, kisha gonga mlango kwa ndani kwa ubavu wa ngumi, sehemu ya chini karibu na ilipo mota inayokipandisha kioo. Usiachie swichi. Mara nyingi kioo hushtuka na kupanda, kwa hiyo angalia kwanza pasiwe na vidole vya mtoto ukingoni. Kinachosumbua huwa ni kaboni za mota, vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme ndani yake: zikilika hazigusi vizuri, na mtikisiko huzirudisha kwa muda tu. Kikishafika juu, usikishushe tena mpaka mota ishughulikiwe. Lakini tega sikio. Ukisikia mota inazunguka na kioo hakisogei, au kinapanda upande upande, basi waya wa kukivuta umekatika au kimechomoka kwenye vishikio vyake. Hapo kugonga hakusaidii, na kulazimisha kunaweza kukivunja. Vioo vyote vikigoma kwa pamoja, anzia kwenye fyuzi.