Saa ya ufunguo ikiingia maji: mambo ya kuzingatia kabla hujafika kwa fundi

Nazungumzia saa ya mkono isiyo na betri, ile unayoitia ufunguo kwa vidole au inayojijaza yenyewe mkono unapotembea. Ikiingia maji, ivue. Usiiache mkononi ukidai joto la mwili litaikausha, maana inayojijaza itaendelea kujijaza kila unapopunga mkono, na kutembea ikiwa na maji ndani ndiko kunakoimaliza. Usiitie ufunguo. Kama ina vitufe vya kupimia mbio, usiviguse. Ifute nje kwa kitambaa kikavu uiweke mahali pakavu.

Usiizike kwenye mchele. Najua kila mtu atakushauri hivyo. Mchele hauvuti maji kupitia kioo na chuma, na ukifungua mfuniko wa nyuma ili uyafuate, utakachoingiza humo ni vumbi la mchele. Mashine ya kukaushia nywele nayo iache. Ule upepo wa moto hugeuza matone kuwa mvuke na kuusukuma mpaka kwenye vipenyo ambavyo maji hayakuwa yamevifikia, huku mafuta yakiyeyuka na kuhama mahali pake. Kuianika kwenye jua kali ni kosa lilelile, tofauti ni kwamba hili halina bili ya umeme.

Maji ya bahari hayasubiri kesho. Yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi inavuta unyevu upya. Hakikisha kitufe cha ufunguo, kile cha pembeni unachokizungusha kuitia saa ufunguo na kukivuta kuweka wakati, kimefungwa, suuza nje kwa maji yasiyo na chumvi, kisha nenda kwa fundi siku hiyohiyo.

Sasa ukungu. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Kaka yangu aliniazima saa yake kwa ajili ya harusi. Ilikuwa saa nzuri, na kitufe chake cha ufunguo ni cha kukaza kwa kuzungusha kama skrubu. Asubuhi nikarekebisha tarehe, nikakisukuma kitufe ndani, nikaondoka. Kukikaza sikukikaza. Usiku nikajitia wema wa kusaidia kuosha masufuria, mikono ndani ya beseni mpaka karibu na kiwiko. Nilipokuja kuangalia wakati, nikaona ukungu chini ya kioo, mdogo tu, kama pumzi ya mtoto dirishani. Nikaivua nikaiweka mezani. Asubuhi ukungu haupo, kioo kinameta, mishale inakwenda. Nikamshukuru Mungu, nikaipangusa, nikamrudishia mwenyewe. Sikusema kitu.

Baada ya miezi kama miwili kaka akaanza kulalamika kwamba saa inachelewa dakika kumi kwa siku. Nikamwambia labda imechoka. Kisha kitufe kikawa kigumu. Siku moja akakivuta kuweka tarehe, kikabaki kwenye vidole vyake pamoja na kipande cha kijiti kilichokatika. Tukaenda kwa fundi wote wawili. Fundi akafungua mfuniko, akabana kile kioo chake jichoni, akakaa kimya muda mrefu. Bila kuinua kichwa akauliza, "Hii iliingia maji lini?"

"Haijawahi kuingia maji," kaka akajibu.

Nikaona haya, lakini nikasema.

Yule fundi hakunifokea. Alinieleza tu, nami nakueleza wewe. Ukungu ukipotea kwenye kioo, maji hayajaenda popote. Kioo kikiwa baridi yanatua hapo unayaona. Kikipata joto yanarudi kuwa mvuke, mvuke umefungiwa humo ndani, na usiku ukiingia unatua kwenye vyuma. Gia nyingi za saa ni za shaba ya manjano, hizo hazishiki kutu. Lakini kijiti cha kitufe ni chuma, vispringi vinavyokishika ni chuma, skrubu ni chuma, mihimili ya gia ni chuma. Kutu hutoa unga, unga ukichanganyika na mafuta unakuwa msasa. Ndani ya saa kuna kigurudumu kinachoyumba huku na huku, ndicho kinachoongoza mwendo wa ule mlio wa tik-tik, na ncha za mhimili wake ni nyembamba kama unywele. Kwenye saa nyingi za sasa kinayumba mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara 8 kila sekunde. Kwa siku moja ni karibu laki saba. Piga hesabu ya miezi miwili juu ya msasa.

Ningeipeleka asubuhi ile, ingekuwa kazi ya kuifungua yote, kuiosha, kuitia mafuta na kubadilisha raba zinazozuia maji yasiingie. Badala yake ilibadilishwa kijiti, kitufe, vispringi na mhimili, na madoa ya kahawia yaliyokwisha kula uso wa saa yapo mpaka leo. Nililipa nusu. Kaka hajaniazima kitu tangu siku ile, hata mwavuli.

Kwa hiyo ukungu ukiuona hata mara moja, saa imeingia maji. Kioo kikikauka, safari ya kwa fundi iko palepale.

Kabla hujatoka nyumbani, piga picha saa yako mbele na nyuma, na uandike namba zilizochongwa kwenye mfuniko. Andika pia ilikuwa maji gani (ya bomba, ya sabuni, ya bahari) na siku gani. Ukifika, sema ukweli wote. Fundi anayejua ni maji ya chumvi ataanza na saa yako leo; asiyejua ataipanga nyuma ya nyingine.

Uliza kama ataifungua mashine, yaani gia na vyuma vyote vya ndani, kipande kwa kipande. Akisema ataipuliza tu kisha aidondoshee mafuta, chukua saa yako uende. Uliza kama ana kifaa cha kupima shinikizo baada ya kufunga, kwa sababu raba mpya bila kipimo ni matumaini. Mwambie utahitaji vipuri vya zamani, hata vikiwa vimeoza. Mkubaliane bei kabla. Na kama saa ni ya zamani, mkataze kabisa kupaka uso wake rangi upya bila ruhusa yako. Wakusanyaji wengi wanapenda uso wenye madoa yake kuliko uliopakwa. Kwa saa zenye mashine za kawaida zinazotengenezwa kwa wingi, kubadilisha mashine nzima huenda kukawa rahisi kuliko kutengeneza iliyoliwa na kutu. Muulize bila aibu.

Maandishi ya 30M nyuma ya saa hayakuruhusu kuzama mita 30. Ni kipimo cha shinikizo la maji yaliyotulia, saa ikiwa mpya. Chukulia ni ya manyunyu na kunawa mikono. Ya kuogelea itafute kuanzia 100M, na hata hiyo usiingie nayo kwenye bafu la maji moto, kwa sababu raba hazipendi joto la ghafla. Raba huzeeka hata saa ikikaa kabatini. Ipimwe kila mwaka kama unaipeleka majini.

Na kitufe, kitufe, kitufe. Watengenezaji wa saa Rolex walipoleta kasha lao la kuzuia maji, Oyster, mwaka 1926, kitufe kilikuwa cha kukaza, na mwaka uliofuata mwogeleaji Mercedes Gleitze aliingia na saa ya kasha hilo katika bahari ya kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa ameivaa shingoni. Alikaa majini zaidi ya saa kumi, na saa ikatoka inatembea. Mimi beseni la masufuria lilinishinda.

Mengine ni madogo. Usirekebishe tarehe mikono ikiwa imelowa. Manukato na dawa ya kufukuza wadudu pulizia kabla ya kuvaa saa, si baada. Mkanda wa ngozi uliolowa ukauke kivulini. Saa kuukuu ambayo namba zake zimepakwa rangi ya kung'aa gizani, hasa ya kabla ya miaka ya 1960 kwisha, usiifungue mezani kwako hata ikiwa imejaa maji: nyingine zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari, na ile rangi ikikauka hubanduka ikawa vumbi. Usiikwangue, usiipulize. Itie kwenye mfuko unaofungika, mwambie fundi mapema, naye aamue kama ataigusa.