SOMO: Kupasha joto nyumba kubwa kwa boila ya makaa ya mawe (mlioko Pennsylvania)

Wakuu habari za baridi. Wengi mliohamia huku Scranton na jirani mnakuta nyumba kubwa ya zamani, chini kuna boila ya makaa (tanuri linalochemsha maji yanayozunguka kwenye radieta, vile vyuma vya kupasha joto vyumba) na hakuna wa kukuelekeza. Makaa ya huku ni anthrasaiti, magumu, moshi karibu hakuna, yanawaka taratibu kwa mwali wa bluu, so sahau mambo ya jiko la mkaa, hapa ukichokonoa juu moto unakufa.

Kwanza angalia geji ya presha ya maji, maji yakiwa ya baridi iwe kama psi 12 (psi ni kipimo cha presha) kwa nyumba ya chini na ghorofa moja juu, na valvu ya usalama ya psi 30 isiwe imezibwa. Chimni isafishwe. Kengele za kaboni monoksaidi ziwe kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Hiyo gesi haina harufu na inaua watu usingizini, jamani nawaomba msiwashe bila hizo.

Pili washa kuni kavu mpaka upate moto mwekundu wavu wote (wavu ni kile chuma cha matundu kinachobeba moto), ndo unaanza kumwaga makaa kidogo kidogo, yakishika ongeza mpaka usawa wa matofali ya ndani. Usifunike wekundu wote, acha kona moja inawaka, la sivyo gesi inajikusanya inalipuka na kufungua mlango. Hewa ipitie chini ya wavu. Maji yacheze nyuzi 160 hadi 180 za Fahrenheit.

Halafu asubuhi na jioni tikisa wavu mpaka vipande vyekundu vianze kudondoka, hapo acha, jaza makaa. Majivu toa kila siku kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, yakijaa chini wavu unakosa hewa ya kuupoza unapinda.

MASWALI

– Kaka, muuzaji ananitajia saizi za makaa, rice, pea, nut, nichukue ipi?
– Kama unalisha kwa mkono chukua nut. Rice ni ya boila zinazojilisha kwa mota, kwako itadondoka yote kwenye wavu.

– Chini joto, juu radieta ni za baridi, shida nini?
– Hewa imo ndani dada. Legeza kile kiskrubu cha pembeni mpaka maji yatoke, funga, kisha angalia geji tena.

– Umeme ukikatika je?
– Pampu ya kuzungusha maji inasimama ila makaa hayajui, yanaendelea kuchemsha. Funga hewa ya chini haraka, usimwagie maji kabisa, na mwite fundi akufungie valvu inayojifungua umeme ukikatika ili maji yazunguke yenyewe.