Jinsi ya kuomba fedha za kaunti za kuhifadhi udongo: kutoka bonde la Sabaki

Mto Sabaki ukifurika, bahari ya Malindi, pwani ya Kenya, hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ule ni udongo, na wa mashamba yetu ya Jilore na Kakuyuni umo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima huku, na inaniuma kuona watu wakikata tamaa ilhali fedha za kuuzuia zipo. Mpango wa FLLoCA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wahisani wengine, hupitishia kaunti fedha za miradi ya tabianchi inayopendekezwa na wananchi katika wadi zao. Msiuchanganye na mbolea ya ruzuku, ile ya kujiandikisha kwa chifu. Hapa mkulima hapewi pesa mkononi. Mradi ndio unaogharamiwa.

Hatua ya 1: Sajilini kikundi. Sheria ya 2022 ya kusajili vikundi vya jamii inataka watu wasiopungua 10. Pelekeni katiba, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama kwa afisa wa maendeleo ya jamii.

Hatua ya 2: Pimeni kabla ya kuandika. Ombi letu la kwanza lilirudishwa kwa sababu tuliandika tu "mmomonyoko mkubwa". Mara ya pili tulishuka na futi kamba. Korongo lililokata mahindi ya mama mmoja lilinifika kifuani. Tukapima urefu na kina, tukasimamisha jembe ndani yake, tukapiga picha.

Kisha tengenezeni fremu ya A. Fungeni miti miwili ya mita 2 kwa juu, mti wa tatu ukatize katikati, na jiwe lining'inie kwa uzi kutoka kileleni. Simamisheni fremu, wekeni alama uzi unapogusa mti wa kati. Geuzeni miguu ibadilishane mahali, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Sasa tembezeni fremu shambani, mguu mmoja baada ya mwingine, mkipigilia kigingi kila uzi unapotulia hapo. Vigingi hivyo ndivyo mstari wa kontua, yaani mstari usiopanda wala kushuka mteremko. Vijana wetu waliujua mchezo huu kwa asubuhi moja.

Hatua ya 3: Fanyeni hesabu. Kwa matuta ya fanya juu, mtaro huchimbwa kufuata kontua, upana na kina cha sentimita 60 hivi, udongo ukirushwa upande wa juu, na majani ya nepia yakapandwa juu ya tuta. Andikeni mita za mtaro, siku za vibarua, miche, na kazi mtakayojitolea wenyewe.

Hatua ya 4: Wahini kamati ya tabianchi ya wadi. Kaunti hufikisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, kwa hiyo mkizungumza Oktoba mmechelewa. Nendeni wengi, na mwenye shamba lililoharibika aseme mwenyewe. Mama yule alipoonyesha picha ya jembe, kikao kizima kilinyamaza.

Hatua ya 5: Acheni ukingo wa mto. Kanuni za mazingira zinakataza kulima ukingoni: upana wa mita 6 hadi 30, kutegemea upana wa mto, kuanzia maji yanapofika mto ukijaa. Mchoro wenu ukionyesha migomba imefika majini, mtaulizwa hilo kwanza. Sisi tulirudisha vigingi nyuma na sehemu ile tukapanda miti.