Namna ya kuwasomesha watoto uhuru wa Guinea ya Ikweta, ukiwa barazani Lamu

Baada ya alasiri, jua likishapoa, watoto wa mtaa wetu wa Langoni huja barazani kwangu. Ualimu nimestaafu, kusomesha sijaacha. Somo ninalolipenda kuliko yote ni la nchi ya Afrika iliyopigania kutoka mikononi mwa Hispania, maana watoto wetu huwasikia Waingereza, Wareno na Wafaransa, na Wahispania hawawasikii kabisa.

Tandika mkeka. Tafuta sinia, kifuu cha nazi na kokwa moja ya ukwaju. Sinia ndiyo bara, Río Muni. Kifuu kiweke juu, upande wa kushoto, kisigusane na sinia: hicho ni kisiwa cha Bioko, zamani Fernando Poo. Kokwa itupe mbali kusini-magharibi, hiyo ni Annobón. Sasa waulize gavana wa Kihispania alikaa wapi. Wote watagusa sinia kwa ukubwa wake. Waambie alikaa kwenye kifuu, mji wa Santa Isabel, leo Malabo. Mtoto wa Lamu hahitaji maelezo zaidi ya hapo. Akitaka kwenda bara hupanda boti mpaka Mokowe, na bahari iliyo kati anaijua.

Usianze na mwaka 1778, Ureno ilipoipa Hispania visiwa hivyo. Mimi nilianza hivyo mara ya kwanza, na kabla sijafika mwaka 1900, mpaka wa bara ulipokubaliwa na Wafaransa, nusu ya watoto walikuwa wameshaondoka. Miaka hiyo itaje baadaye, kwa sentensi moja. Mtoto akiuliza Hispania inatuhusu nini sisi, mjibu vizuri: mwaka 1589 Wareno walimkata kichwa mfalme wa Lamu, na wakati huo Ureno yenyewe ilikuwa chini ya Felipe wa Pili, mfalme wa Hispania. Hata Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa katika enzi yake.

Kisha weka kashata kwenye sinia, moja kwa kila mtoto. Chukua karatasi ndogo, andika neno la Kihispania "emancipado", yaani aliyeachiwa huru, umpe mtoto mmoja tu. Mwenye karatasi ajichukulie kashata yake. Wengine kila mmoja amtafute mtu mzima wa kumwombea. Ndivyo sheria ilivyokuwa: Mwafrika asiyepewa hadhi hiyo alihesabiwa kama mtoto asiyetimiza umri, hata akiwa na wajukuu. Mwaka jana binti wa miaka tisa aliombewa, akapewa, akairudisha kashata siniani, akakunja mikono kifuani. Sikumbembeleza. Niliacha kimya kikae, ndipo nikawatajia Acacio Mañé, mkulima aliyewakusanya wenzake kudai uhuru. Alikamatwa mwaka 1958, hakurudi tena kwa watu wake. Enrique Nvo, mpigania uhuru mwenzake, naye akauawa mwaka 1959. Wafanye watoto wayatamke majina haya mpaka yakae ulimini.

Habari ya mashamba ya kakao ya Bioko usiirefushe: inatosha wajue kwamba vibarua waliletwa kutoka Liberia, baadaye Nigeria, na kwamba wengi walidanganywa.

Kwa nini Hispania iliachia? Hapa wakubwa wao wasikilize pia. Hispania ilikuwa ikiidai Gibraltar kutoka kwa Uingereza mbele ya Umoja wa Mataifa, na ilihitaji kura za nchi za Afrika na Asia. Utadaije ardhi yako huku umekalia ya wenzako? Wapigania uhuru waliokuwa uhamishoni walilipeleka shauri lao huko huko. Mwaka 1964 ikaja serikali ya ndani, na tarehe 12 Oktoba 1968 uhuru kamili.

Sasa wagawe watoto, wengine wakae upande wa kifuu, wengine wa sinia, kwa sababu hapa ndipo penye uzito. Wabubi wengi wa Bioko walitaka kisiwa chao kijitawale peke yake, wakihofia kumezwa na Wafang wa bara walio wengi. Hispania ikawapa uhuru kwa pamoja. Waache wabishane, na wewe usichague upande. Mzee akipita atasimama tu, kwa kuwa ubishi wa Mwambao, kama pwani yetu ijitawale au iingie Kenya, kabla ya uhuru wa Kenya Desemba 1963, bado uko vifuani mwa watu hapa.

Wenye miaka kumi na miwili kwenda juu wamalizie habari yote. Rais wa kwanza, Francisco Macías Nguema, alimshinda Bonifacio Ondó Edú kwenye uchaguzi, na mwaka uliofuata Ondó Edú alifia gerezani. Wananchi waliuawa, maelfu kwa maelfu wakakimbia nchi, mpaka Macías alipopinduliwa na mpwa wake mwaka 1979. Usiwafiche. Mtoto aliyefurahia bendera ana haki ya kujua kilichofuata.

Kabla ya adhana ya magharibi wape kazi ya nyumbani: kila mmoja amuulize babu au bibi yake usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963 alikuwa wapi, na alisikia nini. Majibu wayalete kesho, wayaseme wakiwa wameketi pale pale walipokaa leo, wa kifuu kwa kifuu, wa sinia kwa sinia.