Kufundisha kupanda na kuanguka kwa Nikolai Yezhov katika vipindi viwili

Walimu wengi wa historia wa kidato cha tano na sita hapa Dar es Salaam hupita mauaji ya enzi ya Stalin kwa sentensi mbili, wakakimbilia mipango ya miaka mitano. Mchukue Nikolai Yezhov peke yake, mkuu wa NKVD, yaani polisi wa siri wa Kisovieti, na darasa litaona mauaji yale yalivyoendeshwa kutoka ofisini. Zinatosha dakika 80, yaani vipindi viwili mfululizo.

Andaa karatasi tatu za manila, maka peni nyekundu na nyeusi, selotepu na picha mbili zilizochapwa steshenari kwa ukubwa wa A3. Usitegemee projekta: umeme ukikatika somo limekwisha, na hata ukiwepo, darasa lenye jua la mchana huifuta picha. Picha ya kwanza ni Stalin kando ya mfereji wa Moscow mwaka 1937, Yezhov yuko ubavuni pake. Ya pili ni hiyo hiyo, Yezhov ameondolewa, yamebaki maji. Bandika ya kwanza tu.

Chora ubaoni mstari wa 1936 hadi 1940, na nafasi ya 1938 iwe kubwa mara mbili ya miaka mingine, la sivyo utajikuta unabananisha maandishi.

Kupanda kwake kumalize kwa dakika 15. Alizaliwa 1895, akaingia chama cha Bolshevik 1917, akakua kama kada wa ofisini, mtunza mafaili ya wanachama. Mwaka 1935 akawa katibu wa Kamati Kuu na mkuu wa tume ya udhibiti wa chama. Septemba 25, 1936 Stalin na Zhdanov, kiongozi mwenzake wa chama, wakiwa Sochi, walipeleka simu ya maandishi kwamba Yagoda, mkuu wa NKVD wa wakati huo, ameshindwa kazi na idara imechelewa miaka minne kuwafichua wapinzani. Kesho yake Yezhov akateuliwa Kamisaa, yaani waziri, wa Mambo ya Ndani, aliyeiongoza NKVD. Yagoda akapelekwa wizara ya mawasiliano, akakamatwa 1937, akapigwa risasi Machi 1938. Andika kwenye manila kwa nyekundu: “Yagoda: wizara nyingine, kisha kukamatwa.” Iache ukutani.

Sasa tulia kwenye amri ya NKVD namba 00447 ya Julai 30, 1937, ya kuwakamata “maadui” kwa halaiki, dakika 30 nzima. Kila mkoa ulipewa mgao: kundi la kwanza kupigwa risasi, kundi la pili kambini au gerezani miaka 8 hadi 10. Waambie wanafunzi wajumlishe 75,950 za kundi la kwanza na 193,000 za kundi la pili. Hukumu zilitolewa na watu watatu, kwa kawaida mkuu wa NKVD wa mkoa, katibu wa chama na mwendesha mashtaka, mshtakiwa mwenyewe hayupo. Kisha andika 681,692, idadi ya waliouawa 1937 na 1938 kwa kumbukumbu za serikali yenyewe, na uliza tofauti kati yake na zile 75,950 za kupigwa risasi imetoka wapi. Sehemu yake ni operesheni dhidi ya watu wa mataifa fulani, kama ile dhidi ya Wapolandi iliyoanza Agosti 1937. Sehemu nyingine ni mikoa kuomba mgao uongezwe, na Moscow kukubali. Hapo gawa makundi ya watu sita wajadili: mkuu wa mkoa alipata nini kwa kuomba zaidi, na aliyeomba kidogo alionekanaje? Wajadili tu, wasiigize. Watu hawa walikufa kweli, na igizo huishia kwenye vicheko.

Darasa likianza kumtupia Yezhov kila kitu, lizuie. Stalin aliidhinisha orodha za majina kwa sahihi yake.

Kwa kuanguka kwa Yezhov, kata vipande vya karatasi, vichanganye, wanafunzi wavipange: Aprili 1938, anaongezewa wizara ya uchukuzi wa majini, Juni, Lyushkov, mkuu wa NKVD Mashariki ya Mbali, anatorokea kwa Wajapani, Agosti, Beria, kiongozi wa chama kutoka Georgia, anakuwa naibu wa kwanza wa Yezhov, Novemba 17, operesheni za halaiki zinasimamishwa, Novemba 25, Beria anachukua kiti, Aprili 10, 1939, Yezhov anakamatwa, Februari 1940, anahukumiwa na kupigwa risasi. Karibu wote wataweka wizara ya majini upande wa kupanda. Usiwasahihishe, nyoosha kidole kwenye manila ya Yagoda, usubiri. Wakishaona, bandika picha ya pili.

Makosa ya daftarini ni yale yale. Wataandika “mkuu wa KGB”, ilhali KGB iliundwa 1954. Wataandika “alinyongwa”. Kuhusu siku ya kifo, vitabu vingine vinasema Februari 4, vingine 6. Kubali mwezi na mwaka.

Swali la nyumbani: kwa nini Yezhov aliondolewa mwishoni mwa 1938 na si 1937? Alama nyingi zimwendee atakayehusisha kusimamishwa kwa operesheni na haja ya kupata wa kubebeshwa lawama. Atakayejibu tu kwamba Stalin alikuwa mkatili mpe kidogo: alikuwa mkatili 1937 pia, na Yezhov akabaki kazini.