Tangi la kumkumbuka rafiki: kulijenga na kulitunza

Rafiki aliyeishi kwa sala na kwa kuhudumia wagonjwa na yatima akifariki, wenzake huandaa ibada ya kumbukumbu, fulana zenye picha yake na sufuria la pilau. Si vibaya, ila sufuria likishaoshwa kila mtu anarudi kwake. Dodoma, ambako visima vingi ni vya maji ya chumvi na kiangazi huchukua Mei hadi Novemba, kumbukumbu inayofaa zaidi ni tangi la maji ya mvua kwenye zahanati aliyokuwa akiitembelea. Kwa Muislamu hiyo ni sadaka jariya, yaani sadaka ambayo thawabu zake huendelea baada ya kifo, na Mkristo atamwita padri au mchungaji aje kulibariki. Ujenzi ni uleule.

Anzeni na familia, ana kwa ana, msiba ukishatulia. Jina la marehemu ni lao. Kama alikuwa mtu wa kutoa kimyakimya, ulizeni kama angependa jina lake liandikwe kabisa. Kisha barua iende kwa mganga mfawidhi na kwa mtendaji wa kijiji, ikitaja nani atashika ufunguo wa bomba. Michango ipokelewe kwa namba moja, watu wawili wakione kila kinachoingia, na risiti zipigwe picha na kuwekwa kwenye kundi la simu la wachangiaji. Ahadi si fedha. Tangi lisiagizwe kwa ahadi.

Hesabu ya maji ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati hutoa lita 1. Dodoma hupata milimita 550 hivi kwa mwaka. Paa la mita za mraba 60, ukitoa moja ya tano inayopotea, litakusanya lita 26,400. Hata mwaka wa ukame wa milimita 300 utapata lita 14,400, kwa hiyo tangi la lita 10,000 litajaa. Ukiligawa kwa siku 210 za kiangazi, unabaki na ndoo mbili za lita 20 na kitu kidogo juu yake kila siku. Hayo ni maji ya kumezea dawa na kunawa mikono, si ya kufulia wala kufyatulia tofali.

Msingi ndio unaoua matangi mengi. Lita 10,000 ni tani 10. Pale penye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, chimbeni hadi mfike udongo mgumu. Jengeni duara la mawe linalozidi tangi kwa sentimita 15 kila upande, liinuke sentimita 50 ili ndoo ikae chini ya bomba, kisha mwage zege la sentimita 10 (saruji 1, mchanga 2, kokoto 4). Pimeni usawa kwa pima maji, halafu mwagilieni siku saba. Fundi mvivu hujaza mchanga mtupu ndani ya duara la tofali: bomba likivuja mchanga unahama, tangi linainama na kupasuka pale bomba lilipoungwa.

Jina liandikeni kwenye plasta ya msingi ikiwa bado mbichi. Bonyeza kwa kidole: ikiacha alama bila kunata, chukua msumari wa inchi nne uandike jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Basi. Rangi haidumu kwenye jua la Dodoma, na sifa ndefu hazisomwi na mtu aliyebeba ndoo.

Gata, yaani mfereji wa kukingia maji ukingoni mwa paa, literemke sentimita 1 kwa kila mita, likishikwa kila sentimita 60. Mvua za huku huja kwa kishindo, hivyo gata jembamba humwaga nje nusu ya maji. Kabla ya tangi wekeni bomba la kusimama la inchi 4, urefu wa mita 3 na nusu hadi 4. Hilo hupokea lita 30 za kwanza zenye vumbi na kinyesi cha ndege. Kifuniko chake cha chini kitobolewe tundu dogo lijimwage lenyewe, maana kila mtu husahau kukifungua. Mdomo wa tangi na bomba la kumwagia ziada vifunikwe wavu wa mbu. Hata hivyo, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini.

Siku ya kumbukumbu isiwe tarehe ya kifo. Iwe Jumamosi moja ya Novemba, kabla ya mvua za kwanza, siku ya kuzibua gata na kusugua tangi kwa brashi ya mpini mrefu, bila sabuni. Asiingie mtu ndani. Hewa ni finyu. Kazi ikiisha, kila mmoja aseme jambo moja alilomwona rafiki akifanya: si “alikuwa mkarimu” bali alimpeleka nani hospitali, na kwa baiskeli ya nani, ila majina ya wagonjwa yaachwe. Mmoja aandike kwenye daftari. Akina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wakiwepo, ngoma ipigwe, kisha ugali wa uwele na mlenda.

Mwaka wa kwanza watakuja thelathini. Wa tatu watakuja wanne, kwa hiyo mhudumu wa zahanati na majirani wawili wawemo kwenye orodha tangu mwanzo. Funguo za kufuli ziwe tatu, na moja ikae kwa jirani anayelala pale kijijini.