Namna ya Kuchagua Nyuzi za Nailoni kwa Gitaa la Klasiki

Anayeingia katika duka la vifaa vya muziki mjini Arusha na kuomba "nyuzi za gitaa" bila kueleza zaidi, mara nyingi hupewa nyuzi za chuma, kwa kuwa ndizo zinazotumiwa katika magitaa mengi ya kwaya na bendi za huku. Kosa hilo si dogo. Nyuzi sita za nailoni huvuta daraja la gitaa, yaani kipande kilichogundishwa kwenye ubao wa mbele ambapo nyuzi hufungwa, kwa nguvu ya jumla ya kilo 35 hadi 42 hivi, ilhali seti ya kawaida ya chuma huvuta kilo 70 au zaidi, na gitaa la klasiki, lenye ubao mwembamba wa mbele, halikuundwa kubeba mzigo huo. Niliwahi kuletewa gitaa kutoka Moshi ambalo lilikuwa limefungwa nyuzi za chuma kwa miezi michache tu; daraja lilikuwa limeng'oka na kubandua kibanzi cha ubao wenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, kagua gitaa lako. La klasiki lina shingo pana, ya karibu milimita 52 pale nyuzi zinapoingia kichwani. Kichwa chake kina nafasi mbili ndefu zilizo wazi, na vigingi vya kukazia huzungusha vijiti vinene, mara nyingi vya plastiki nyeupe. Darajani uzi hupitishwa katika tundu la ulalo na kufungwa fundo. Ukiona vipini sita vidogo vimechomekwa kwenye daraja, hilo ni gitaa la nyuzi za chuma, na nailoni haitalifaa: itacheza kwa ulegevu na sauti itatoka hafifu.

Ukishajiridhisha, jambo la kuamua ni mkazo, yaani nguvu ambayo uzi huvutwa nayo unapofikia noti yake. Pakiti nyingi hutaja mkazo wa kawaida, mkazo wa juu, na wakati mwingine mkazo wa chini. Watengenezaji hawakubaliani kipimo kimoja, hivyo "mkazo wa juu" wa kampuni moja unaweza kukaribia sana ule wa kawaida wa nyingine. Kwa mwanafunzi, na hata kwa mpigaji wa miaka mingi asiye na lalamiko mahususi, ningeshauri aanze na mkazo wa kawaida. Nyuzi zenye mkazo wa juu hutoa sauti yenye nguvu kidogo zaidi na hazigongi upesi freti, yaani vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, lakini huchosha vidole vya kushoto na hulielemea gitaa la zamani. Iwapo gitaa lako linavuma kwa sababu nyuzi zinagusa freti, mkazo wa juu unaweza kupunguza tatizo, ingawa dawa yake hasa ni fundi.

Magitaa madogo ya watoto yana sheria yake, na wauzaji wengi huisahau. Nyuzi za kawaida hukokotolewa kwa urefu wa milimita 650 kutoka kichwani hadi darajani. Uzi uleule ukifungwa kwenye gitaa la milimita 580 na kukazwa hadi noti ileile, mkazo wake hushuka kwa karibu asilimia 20, kwa kuwa mkazo hufuata mraba wa urefu. Ndiyo maana gitaa la mtoto lenye nyuzi za mkazo wa kawaida husikika limelegea. Hapo mkazo wa juu ndio unaostahili.

Sasa tufike kwenye uzi unaowasumbua watu kuliko yote, yaani uzi wa tatu, wenye noti ya G. Nyuzi tatu nyembamba za sauti ya juu ni nailoni tupu, na kwa kuwa nailoni ni nyepesi, G inalazimika kuwa nene, karibu milimita 1, ili itoe noti yake bila kulegea. Unene huo huifanya iwe ngumu kupinda, sauti yake hufifia mapema, na noti za juu shingoni hupotoka kidogo. Mpigaji hudhani gitaa lake ni bovu, kumbe ni tabia ya malighafi. Suluhisho ni nyuzi za kaboni, ambazo jina lake kamili ni florokaboni. Malighafi hiyo ina uzito wa takriban mara moja na nusu ya nailoni kwa ujazo uleule, kwa hiyo G ya kaboni huwa ya milimita 0.85 hivi, na sauti yake ni angavu na hukaa hewani zaidi. Wavuvi wanaifahamu, kwani ndiyo inayotengenezewa baadhi ya mishipi yao. Upande wa pili, uzi wa kwanza wa kaboni waweza kuwa mkali mno sikioni, hasa kwenye gitaa la bei nafuu lenye ubao wa tabaka zilizogundishwa. Mimi hupendelea kuchanganya: nailoni kwa wa kwanza na wa pili, kaboni kwa wa tatu peke yake. Seti za namna hiyo zipo, na ukikosa, uzi mmoja mmoja huuzwa pia.

Nyuzi za besi, zile za sauti ya chini, ni tatu, na ndani yake mna nyuzinyuzi nyingi laini za nailoni zilizozungushiwa waya. Waya wa shaba iliyopakwa fedha hutoa sauti nzito na tulivu. Waya wa rangi ya dhahabu, wa aloi ya shaba, husikika mwangavu zaidi. Hizi ndizo zinazochakaa upesi, kwani jasho na vumbi hujipenyeza kati ya mizunguko ya waya, na vumbi la Arusha wakati wa kiangazi halihitaji maelezo. Nyembamba huweza kudumu mara mbili ya muda wa besi, hivyo si lazima ubadilishe zote sita kila mara. Kupangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga ni kazi ya nusu dakika, na huongeza uhai wa besi kuliko kununua seti ya bei kubwa.

Kuhusu majina, Augustine, D'Addario na Savarez ni ya kuaminika. Augustine lina historia ya pekee: zamani nyuzi hizi zilikuwa za utumbo wa mnyama, na katika miaka ya 1940 Albert Augustine wa New York, akishirikiana na mpigaji Andrés Segovia, ndiye aliyeanza kuzitengeneza kwa nailoni. Kwa seti moja ya kuanzia, D'Addario EJ45 yenye mkazo wa kawaida inatosha kabisa. EJ46 ni ndugu yake wa mkazo wa juu. Zisipopatikana mjini na ukalazimika kumwagiza mtu anayesafiri kwenda Dar es Salaam au Nairobi, mwandikie jina, namba na mkazo kwenye karatasi, na usisitize neno "nailoni", la sivyo atakuletea za chuma.

Mwisho ni siku ya kuzifunga. Nailoni mpya hunyumbuka kwa siku kadhaa, na gitaa litashuka noti kila baada ya wimbo mmoja au miwili hadi itulie. Anayepiga ibadani Jumapili azifunge Jumatatu au Jumanne, azikaze mara kadhaa kwa siku, na ile D ya zamani, kama bado nzima, aihifadhi kwenye mfuko wa gitaa, kwani uzi wa nne una waya mwembamba kuliko besi nyingine na ndio hukatika kwanza.